Magari sita ya duka la vifaa vya ujenzi: nikate bima kubwa kwa yote au nichanganye?

Mwenye_Nondo

Wakuu, salaam.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, nauza saruji, nondo, bati na misumari. Magari niliyonayo ni haya: Canter mbili za kupeleka mzigo kwa wateja humu mjini, Fuso mbili zinazokwenda Iringa, Makambako na Njombe kwa maduka ninayoyauzia jumla, kirikuu moja ya oda ndogondogo, na Scania na trela lake niliyoichukua mwaka jana kwa mkopo wa benki.

Kila gari niliikatia bima ilipoanza kazi, kwa wakala aliyekuwa karibu siku hiyo. Matokeo yake kila moja ina tarehe yake ya kuisha, na kampuni zenyewe ni nne tofauti. Juzi Fuso imesimamishwa Mikese, stika ya bima imeisha, dereva ananipigia usiku, na mimi nilikuwa najua bado ina mwezi mzima.

Nataka kupanga upya. Je, niweke yote kampuni moja? Bima kubwa (inayolipa hata gari langu) kwa yote au mengine niyaache na ndogo (ya niliowagonga tu)? Niende kwa wakala, dalali, au moja kwa moja kwenye kampuni? Benki nayo inanisukumia kampuni yake kwa ile Scania. Na kuna mtu ananipa kazi ya Lubumbashi, sijui bima yangu inafika huko au inaishia mpakani Tunduma.

Naomba wenye uzoefu. Wa kuja kutafuta wateja inbox, samahani sana.

Babu_Canter

Kijana, kata ndogo zote. Mimi nina Canter za kokoto na mchanga miaka mingi, bima kubwa nililipa mara moja nikaacha. Gari ikigongwa natengeneza Gerezani kwa hela yangu na siku tatu iko kazini. Hao wa bima watakuzungusha miezi, gari imelala, dereva amelala, wewe unalipa tu. Hela ya bima kubwa weka pembeni, ndiyo bima yako.

Mama_Mafaili

Babu_Canter, shikamoo. Kwa gari ya kokoto iliyokwisha kuzeeka nakuunga mkono. Kwa Fuso inayoshuka Kitonga na tani za mzigo mgongoni, hapana, maana ile hela ya pembeni hata mwaka wa tano haitakuwa imefika bei ya Fuso, achilia mbali basi ambalo Fuso imeligonga.

Kaka Mwenye_Nondo, mimi nilikaa dawati la madai kwa dalali mmoja wa bima hapa Dar, sasa nasimamia ofisi ya usafirishaji ya kampuni ya mtu. Faili la ajali nimelishika nikiwa mpokeaji na nimelishika nikiwa mdai. Umeuliza mengi, ila swali ninalotaka kuanza nalo hukuliandika: hizo Fuso zikishashusha nondo Njombe, zinarudi Dar tupu?

Nauliza kwa sababu sijawahi kuiona Fuso inayorudi tupu kutoka kule. Inarudi na viazi, inapitia Mafinga kupakia mbao, au inajaza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Hakuna dhambi, hiyo ndiyo hela ya mafuta. Lakini tafuta ile fomu uliyojaza wakati wa kukata bima, utakuta sehemu ya matumizi ya gari. Kubeba mali yako mwenyewe ni daraja moja, kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni daraja jingine, na la pili ada yake iko juu. Wakala aliyetaka kukupa bei tamu aliweka alama kwenye la kwanza. Inawezekana hakukuuliza kabisa, alikuona una duka akamaliza.

Faili moja silisahau. Fuso ya mteja wetu, mwenye duka kama wewe, ilipinduka ikirudi Dar. Bima kubwa ilikuwepo, imelipwa yote, stika halali, dereva mzima na leseni yake sahihi. Mthamini akaenda eneo la tukio akapiga picha. Kwenye picha gari imelala ubavu, na magunia ya vitunguu yametapakaa mtaroni, kila gunia lina alama ya rangi ya mwenyewe: mengine herufi mbili za bluu, mengine msalaba mwekundu, mengine duara. Mtu akibeba vitunguu vyake mwenyewe haweki alama za watu wanne. Kampuni haikuhitaji shahidi mwingine. Barua ya kukataa dai ilikuwa na aya mbili, na picha ile imebandikwa nyuma yake. Halafu wenye vitunguu nao wakaja dukani kwake kudai.

Na hapo pana jambo la pili ambalo wengi wanalichanganya na la kwanza. Hata kama matumizi yangeandikwa sahihi, bima kubwa ya gari inalipa gari, na inalipa watu na mali uliyoigonga. Mzigo ulio mgongoni haumo. Mzigo una bima yake, ya mizigo safarini, na hata huo ukiwa ni wako mwenyewe. Bati zako zikiloa au nondo zikiporwa gari ikiwa imeharibika njiani, bima ya gari haikuhusu. Ukibeba vya watu unahitaji inayobeba dhamana yako kwa mwenye mali. Kwa Canter za mjini unaweza kuiacha. Kwa Fuso na Scania mimi nisingelala.

Sasa kampuni moja au nyingi. Weka yote chini ya mkataba mmoja wa kundi, tarehe moja ya kuisha. Yale ambayo bado yana miezi yaache yaishe ila unapoyahuisha omba muda mfupi wa kuyafikisha kwenye tarehe ya pamoja, ulipie miezi hiyo tu. Faida si punguzo peke yake. Ukiwa na magari sita kampuni nne, kwa kila kampuni wewe ni mtu wa gari moja na nusu, simu yako inasubiri. Ukiwa na yote sehemu moja kuna mtu ana jina lako kwenye orodha ya wateja asiotaka kuwapoteza.

Ila ujue na upande wa pili. Kwenye kundi hawakuangalii gari kwa gari. Wanachukua madai yote ya mwaka wanagawa kwa ada yote uliyolipa. Ukilipa milioni 14 na wao wakalipa madai ya milioni 11, umekula karibu asilimia 79 ya hela yako, na mwakani bei itapanda kwa magari yote, hata kirikuu ambayo haijakwaruzwa. Kwa hiyo taa, kioo cha pembeni na bampa tengeneza mwenyewe kama anavyofanya Babu. Isitoshe kila dai lina eksesi, kile kiasi cha mwanzo unachobeba wewe. Dai la laki nne lenye eksesi ya laki tatu unapata laki moja na doa la mwaka mzima.

Wakala na dalali: wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, dalali anakuwakilisha wewe mteja. Kwa kirikuu moja wakala wa mtaani anatosha sana. Kwa magari yako tafuta dalali mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na umuulize jambo moja tu kabla ya bei: nani ofisini kwenu anashughulikia madai, naomba niongee naye. Kama hana jina la kukupa, au anakuambia "tutaona ikitokea", aga uondoke. Mimi ndiye nilikuwa hilo jina, kwa hiyo najua ofisi ambayo haina mtu wa madai inakuwaje.

Stika hakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA MIS mtandaoni, unaweka namba ya gari unaona kampuni, aina ya bima na tarehe. Fanya hivyo siku hiyohiyo ya kulipa, usingoje trafiki akufanyie Mikese. Na kwa sheria yetu bima inaanza hela ikishalipwa, kwa hiyo yule wa "endelea tu na kazi, utanilipa mwisho wa mwezi" usimsikilize.

Mwenye_Nondo

Dada umenikamata. Zinarudi na viazi. Na kusema ukweli kuna safari dereva anapakia bila kuniambia, najua kwa kuona udongo kwenye bodi.

Niambie basi, kwa orodha yangu ungeweka ipi kubwa na ipi ndogo? Na thamani nikiandika chini kidogo ili ada ipungue, kuna shida? Wakala mmoja ndivyo alivyonishauri kwa Fuso.

Mama_Mafaili

Huyo wakala mwogope.

Chukua mfano. Fuso yako sokoni leo ni milioni 60. Kwa bima kubwa tuseme asilimia 4, ada ni milioni 2.4, ongeza VAT ya asilimia 18 ambayo ni 432,000, unalipa 2,832,000. Ukiandika milioni 40 unalipa 1,888,000. Umeokoa 944,000, unafurahi. Gari inapata ajali, matengenezo ni milioni 15. Mthamini anaandika thamani halisi ni milioni 60, wewe umekatia theluthi mbili, basi unalipwa theluthi mbili: milioni 10, kisha eksesi inatoka humo. Umepoteza milioni tano kwa kuokoa laki tisa. Wengi wanadhani kuandika chini kunaumiza gari ikifa kabisa tu. Kunaumiza hata bodi ikipinda.

Kuandika juu nako ni kupoteza, hawatakulipa zaidi ya thamani ya sokoni siku ya ajali. Fanyia tathmini kila unapohuisha, maana bei ya mitumba kutoka Japani na shilingi yetu havitulii.

Orodha yako: Scania huna uchaguzi, benki inataka kubwa. Fuso zote mbili kubwa, matumizi yaandikwe kubeba mizigo kwa malipo. Canter angalia umri. Ile ambayo ukiiuza leo unapata hela ya kununua nyingine ukiongeza kidogo, mpe ndogo. Nyingine mpe kubwa. Kirikuu ndogo.

Kwenye hiyo ndogo kuna mstari mmoja uusome kabla hujalipa: kikomo cha mali ya watu wengine. Sheria inakulazimisha kwa ajili ya watu watakaoumia au kufa, ndiyo kiini chake. Ukigonga duka la mtu, nguzo za umeme au gari ya mamilioni, kinachozidi kikomo ni chako. Kampuni hazitofautiani sana kwenye bei ya ndogo, zinatofautiana hapo.

Na dereva wako na utingo si "mtu wa tatu", yaani mtu wa nje anayelipwa na bima ndogo. Hao ni wafanyakazi wako, fidia yao wakiumia kazini ni ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kama hujawasajili, anza na hilo wiki hii kabla ya mambo yote niliyoandika. Abiria anayeokotwa Chalinze na kukalishwa pembeni ya dereva kwa elfu kumi ndiye hana pa kushika kabisa. Gari ya mizigo haikukatiwa abiria.

Mzee_wa_Nakonde

Naingia kwenye Lubumbashi, ndiyo njia yangu.

Mkuu, stika ya Tanzania inaishia Tunduma. Kuvuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Sisi nchi yetu ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tumo, unaikata hapahapa kwa kampuni yako ya bima, usisubiri vijana wa mpakani wakuuzie karatasi wanayoijua wao. Zambia na Kongo zote zimo. Angalia nchi zilizowekwa kwenye kadi yenyewe na tarehe, maana foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, inaweza kukula siku usizozipanga, kadi ikaisha umekaa kwenye mstari.

Sikiliza vizuri: kadi ya njano inalipa uliowagonga huko, kwa sheria ya huko, na matibabu ya waliomo ndani ya gari yako. Haitengenezi kichwa chako, yaani Scania yenyewe. Scania ikilala Kapiri Mposhi, bima yako kubwa lazima iwe imepanuliwa kwa maandishi kufika Zambia na Kongo. Dereva mwenzangu alikaa Zambia muda mrefu na kichwa kilichobonyea kwa sababu tajiri wake alidhani kadi ndiyo bima kubwa ya nje.

Na mwambie tajiri, yaani wewe, bei ya safari ya Kongo uihesabu na hiyo nyongeza ndani yake. Wengi wanachukua mzigo kwanza halafu wanatafuta bima ya bei ya mabaki.

Mama_Mafaili

Mzee umemaliza. Niongeze trela. Kaka umeandika magari sita, mimi nahesabu saba. Trela lina namba yake ya usajili, kwa hiyo lina stika yake na thamani yake. Kama kwenye mkataba wa benki imeandikwa namba ya kichwa peke yake, trela likipinduka ni chuma chako. Kagua leo.

Benki: nyingi siku hizi ni mawakala wa bima wenyewe, ndiyo maana wanasukuma. Si lazima iwe mbaya. Waombe nukuu yao kwa maandishi, uilinganishe na ya dalali wako mstari kwa mstari: eksesi, kikomo cha mali ya wengine, mipaka ya nchi, nani anachagua gereji. Kinachoihusu benki ni jina lake liandikwe kwenye mkataba kama mwenye maslahi, gari ikifa wao wanalipwa kwanza deni lao. Kumbuka hakuna bima ya gari inayolipa siku za gari kukaa gereji isipokuwa umeinunua kwa jina lake, na rejesho la benki halijui kuwa gari iko gereji. Hapa ndipo Babu_Canter ana hoja. Miezi miwili ya kusubiri spea inaweza kukuumiza kuliko bodi yenyewe. Hiyo hela yake ya pembeni iwepo, ila iwe ya marejesho, isiwe badala ya bima.

Madereva. Leseni za madereva wako zipige picha uzihifadhi, na uangalie daraja pamoja na tarehe. Mwenye daraja D peke yake haruhusiwi kuendesha gari la biashara la mizigo, na kijana wa kukaimu "siku moja tu" ndiye anayekutwa na ajali. Ikitokea kampuni inaomba leseni ukurasa wa kwanza kabisa.

Uzito nao. Risiti ya mizani dereva huwa anaitupa akishapita. Kwetu dereva hapewi posho ya safari inayofuata mpaka arudishe bahasha: risiti za mizani zote kuanzia Vigwaza, hati ya mzigo, na karatasi ya kupakia mzigo wa kurudia yenye jina la mwenye mzigo na simu yake. Bahasha hiyo imewahi kutuokolea dai ambalo mthamini alishaanza kuandika "uzito uliozidi". Pia inamaliza tatizo lako la viazi vya siri, maana hakuna karatasi hakuna posho.

Siku ya ajali yenyewe: dereva apige picha kabla gari haijavutwa, asiseme barabarani "kosa langu, tajiri atalipa", polisi wafike, majeruhi wapate PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Wewe uijulishe kampuni siku hiyohiyo kwa maandishi, ujumbe wa simu pia ni maandishi. Gari isifunguliwe hata nati kabla mthamini hajaiona. PF90, ripoti ya polisi ya ajali, ndiyo inachelewesha watu, ifuatilie wewe mwenyewe kituoni, usimwachie dereva ambaye anakwepa kituo hicho kwa sababu anazozijua yeye. Wakikuzungusha na nyaraka zimetimia, andika barua TIRA au peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla hujamlipa wakili.

Ukipata nukuu futa namba za magari uziweke hapa, nitazisoma.

Babu_Canter

Marahaba mwanangu. Mimi nabaki na ndogo zangu. Ila hiyo bahasha naichukua.

Mwenye_Nondo

Asanteni sana wote. Nimekaa na mafaili usiku huu. Fuso ya kwanza fomu imeandikwa "mali mwenyewe" kama dada alivyosema. Scania benki wameandika kichwa tu, trela halimo, kesho saa mbili nipo mlangoni kwao. Fuso ya pili fomu yake sina, nimempigia wakala, anasema yuko msibani Singida na nakala zote ziko kwenye laptopu ya shemeji yake.